Maua Yasiyoomba Maji

Mimi na mimea hatujawahi kuelewana. Nimeua mnanaa, nimeua mchicha wa kwenye kopo, nimeua hata mshubiri, mmea unaoota juu ya mawe kwenye jua kali bila kubembelezwa na mtu. Huo mshubiri niliumwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi mazito, na kwa mapenzi hayo hayo mizizi ikaoza. Mama Watoto aliutoa nje kwa kizoleo cha takataka, akausindikiza kwa maneno mawili matatu ya kuuaga, kisha akanitupia jicho ambalo sikulipenda.

Kwa hiyo Alhamisi moja usiku, baada ya kula, aliponiambia kwamba sebule yetu imekaa kama ofisi ya mtendaji wa mtaa na inahitaji maua, nilimuuliza kwa unyenyekevu kama anayataka yawe hai. Akasema hapana, watoto wanahitaji mfano bora. Akanionyesha kwenye simu sebule ya watu fulani wa ughaibuni: mawaridi mekundu kwenye kabati, maua meupe mezani, na mlangoni limetundikwa duara la majani na maua, limekaa kama pete.

"Na hilo la mlangoni pia," akasema. "Mgeni akaribishwe na ua kabla hajabisha hodi."

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nikashuka Kariakoo. Wazee husema jina hilo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita iliisha mwaka 1918 lakini upagazi haujaisha. Hakuna anayetoka Kariakoo mikono mitupu, na wengi hutoka na mzigo ambao walipoingia hawakujua kama wanauhitaji.

Kijana aliyekuwa na meza ya maua alinipokea kwa bashasha. Nilinyanyua waridi moja, nikaligusa, nikauliza kijinga, "Hii si feki?"

Akanuna. "Mzee, usinivunjie heshima. Hii orijino. Feki ziko meza ile pale."

Nikasimama kidogo nikitafakari. Kumbe katika ulimwengu wa maua ya bandia kuna bandia ya kweli na bandia ya bandia, na mimi nilitaka kuuziwa ile ya kweli. Akaendelea kuisifia: "Hili haliombi maji, haliombi mbolea, halina homa. Hariri tupu hiyo, mzee." Nikageuza kikonyo, nikasoma kikaratasi kilichobandikwa chini: poliesta, asilimia 100. Yule mdudu wa hariri labda alipita karibu na kiwanda siku hiyo, akaendelea na safari zake.

Tulivutana bei kwa dakika kama 20. Mawaridi mekundu, mashada manne, meupe, mawili, na lile jani refu linalotambaa, mita mbili. Alikuwa mbishi, hashuki hata shilingi 500. Kisha nikaona juu kabisa, limetundikwa kwenye msumari, duara lenyewe. Majani ya kijani, maua meupe, utepe wa zambarau umekatiza katikati. Zuri kuliko hata la kwenye simu.

"Na lile?" nikauliza.

Kijana alibadilika ghafla. Akashusha sauti, akapanda kwenye kigoda, akalishusha taratibu. "Hili 25,000, mzee. Lakini wewe nipe 15,000 tu. Na haya mengine chukua kwa bei uliyosema." Akanikabidhi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Mungu awatie nguvu."

Nilidhani anazungumzia uzito wa mzigo. Nikamshukuru, nikaondoka nikiwa nimevimba kichwa. Miaka yote naambiwa sijui kupatana bei, leo nimepunguziwa 10,000 bila hata kufungua mdomo!

Ninaomba msomaji anielewe hapa. Sisi kwetu Waislamu maiti huzikwa upesi, kwa sanda na dua, hatuna mazoea ya mashada. Nimehudhuria misiba ya majirani Wakristo mara nyingi, ila kwa kawaida huwa nimekaa nyuma karibu na masufuria, siyo mbele karibu na jeneza. Macho yangu hayakuzoea vitu vya mbele.

Kijana hakuwa na mfuko wa kunitosha. Ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ikawa ua la plastiki ni ruksa, mfuko wa plastiki wa kulibebea ni kosa. Nikayabeba hivyo hivyo: mawaridi kwapani, jani refu limenizunguka shingoni, na lile duara nimelishika kifuani.

Kwenye daladala ya Tabata nilishuhudia maajabu. Kijana aliyekuwa amekaa aliniona, akasimama bila kuambiwa. Abiria walinisogezea nafasi. Konda, mtu ambaye asubuhi yake alinifokea kwa noti iliyochanika, aliuona mkono wangu ukipapasa mfuko akasema, "Acha tu, mzee." Nikajiambia jiji hili kumbe lina adabu, ni vile tu watu hawabebi maua.

Mama mmoja wa makamo, aliyekaa pembeni yangu, aliliangalia lile duara kwa muda, akaniuliza kwa upole:

"Ni ya nani, baba?"

"Ya Mama Watoto," nikajibu.

Akashika mdomo. "Jamani! Alikuwa anasumbuliwa?"

Nikadhani anauliza kama mke wangu alikuwa amesumbua. "Hapana, hana usumbufu. Ni ghafla tu. Jana usiku, tumemaliza kula vizuri, ndiyo akaniambia."

"Akakuambia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Akanionyesha na mfano kwenye simu."

Yule mama akatoa kitambaa akajifuta machozi. Nikaona wanawake ni watu wa huruma sana; kumbe ua moja tu kwa mke linaweza kumliza mwanamke mwingine aliyenyimwa. Tulishuka kituo kimoja. Akanishika mkono kwa nguvu, akasema tuko pamoja. Nami nikamwambia tuko pamoja.

Jioni hiyo tukapamba. Mawaridi mawili juu ya kabati la vyombo, mawili juu ya stendi ya televisheni, meupe mezani, jani refu likatambazwa juu ya pazia. Duara nikalipigia msumari mlangoni kwa nje. Mama Watoto akarudi nyuma hatua tatu, akatazama, akasema kwa mara ya kwanza tangu nimuoe, "Safari hii umejua."

Jumamosi huwa nachelewa kuamka. Mama Watoto aliondoka alfajiri kwenda soko la Buguruni kutafuta nyanya na vitunguu vya wiki. Nilikuwa katikati ya usingizi niliposikia viti vinaburutwa. Kisha sauti za wanaume wakielekezana: "Vuta kamba, vuta! Funga kwenye mwembe huo!" Nikafikiri ni harusi kwa jirani. Nikajifunga msuli, nikavaa fulana, nikafungua mlango ili nijue mwenye shughuli ni nani.

Mwenye shughuli nilikuwa mimi.

Turubai lilikuwa limefungwa uani kwangu. Wanaume kama 20 wamekaa kwenye viti vya plastiki, kimya, mikono magotini. Kina mama walikuwa wamejipanga upande wa jikoni wakiwasha kuni chini ya sufuria ambalo sikulijua, na katikati yao yule mama wa kwenye daladala anasimulia kwa mikono miwili. Mjumbe wetu, jirani wa nyumba ya tatu, amekaa kwenye meza ndogo na daftari la rambirambi limefunguliwa.

Wote wakasimama. Mjumbe akanikumbatia. "Jikaze, bwana. Ndiyo dunia."

"Kuna nini?" nikauliza.

Akageuka kwa wenzake, akatikisa kichwa. "Amechanganyikiwa. Hata hajui kuna nini. Mkalisheni chini."

Nikakalishwa. Nikaletewa maji. Kila nilipotaka kuongea mtu alinipigapiga mgongo akaniambia nisiongee, nilie tu. Mzee mmoja akanong'ona kwamba alishangaa kidogo kuona shada kwenye nyumba ya Kiislamu, lakini amesema moyoni mambo ya siku hizi yamechanganyika. Nilipolisikia lile neno, shada, na kuona vidole vikielekezwa mlangoni kwangu, ndipo nikaikumbuka sura ya kijana wa Kariakoo, na yule wa kwenye daladala, na konda. Nikashika kichwa kwa mikono miwili. "Sasa ndiyo yanamwingia," akasema mtu.

Wakati huo huo bajaji ikasimama barabarani. Mama Watoto akachungulia, akaona turubai, akaona watu, hakuniona mimi niliyekalishwa chini. Akaachia kikapu, nyanya zikabingirika, akapiga yowe moja lililofika kituo cha daladala: "Mume wanguuu!"

Watu waligeuka. Waliomfahamu walimwona marehemu anashuka kwenye bajaji. Kina mama wawili walikimbilia choo kimoja. Mpishi aliacha mwiko ndani ya sufuria. Mjumbe, ambaye nimewahi kumsikia akijisifu kwamba hakuna kinachomtisha, alikuwa upande wa pili wa ukuta kabla sijajua amepitia wapi. Aliyetuliza hali ni dereva wa bajaji, aliyekuwa anapiga kelele kuwa huyo mama amempa noti ya 10,000 na chenji hii hapa, aichukue. Na marehemu, huku analia, akanyoosha mkono akaidai chenji yake. Hapo watu wakaamini yu hai.

Nilieleza. Nikaeleza tena. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini, wengine walikasirika kwa sababu walikuwa wameomba ruhusa kazini. Chakula kilikuwa kimeshaiva, kikaliwa. Ubishi ulibaki kwenye daftari. Zilikuwa zimechangwa shilingi 87,500, nami nikamwomba mjumbe awarudishie wenyewe.

"Rambirambi hairudishwi," akasema mjumbe. "Ni mkosi. Tena zaidi ya nusu imeshaliwa hapo kwenye sufuria."

"Sasa tufanyeje?"

Akafikiri, akalowesha kalamu kwa ulimi, akaandika mbele ya jina langu huku anasoma kwa sauti: "Ameshachangiwa. Msiba ujao asidai."

Habari mbaya hazipandi basi, hupaa. Kufikia adhuhuri zilikuwa zimefika Tanga. Mama mkwe hakusubiri kupigiwa simu ya pili. Alipanda gari la mchana, akaingia kwangu usiku akiwa na kanga mbili na macho mekundu, akamkuta binti yake amekaa kwenye kochi anakula karanga. Alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua papai sokoni. Kisha akakaa chini, akavua ushungi, akasema kwa kuwa ameshafika, atapumzika kidogo, mwezi mmoja hivi.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka mbali.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na hakusema zaidi. Mkwe mwenye heshima zake hahitaji kusema zaidi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe hakusubiri kupewa. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta sebuleni na kopo la maji, anapita kwenye maua yangu moja baada ya jingine, anayanywesha kwa bismillahi.

Nikamvuta Mama Watoto jikoni. "Mwambie mama yako kwamba yale ni ya plastiki."

"Mwambie wewe, uliyenunua."

"Mimi ni mkwe! Nitamwambiaje mama kwamba anamwagilia plastiki?"

"Na mimi ni mtoto. Nitamwambiaje mama yangu kwamba haoni?"

Tukakubaliana kwamba adabu ni bora kuliko ukweli, kwa muda. Usiku, nyumba ikilala, nikawa naamka kwa kunyata, namwaga maji kwenye vyombo vyote sita, narudi kulala. Asubuhi mama mkwe anachungulia ndani ya vyombo, anakuta vikavu. "Yanakunywa haya!" anasema kwa furaha. Anaongeza. Kesho yake nimemwaga, anazidisha. Tukaendelea hivyo wiki nzima, yeye mchana, mimi usiku, kama watu wa zamu mbili katika kiwanda kimoja. Mimi niliyenunua maua ili nisimwagilie, sasa nilikuwa naamka saa 8 za usiku kuyaondolea maji. Hata mnanaa haukuwahi kunitesa hivyo.

Tena alikuwa anayasifia. "Mwanangu, maua yako yana afya. Sijaona ua lisilodondosha hata jani." Mimi najibu, "Tunashukuru, mama," naangalia chini.

Usiku wa nane usingizi ulinizidi. Kesho yake ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni, majirani wamejaa, mjumbe yuko kiti cha mbele (alikuwa bado hanitazami vizuri tangu siku ya ukuta). Juu ya stendi, pembeni ya king'amuzi, mawaridi mekundu yalikuwa yamejaa maji ya siku mbili hadi mdomoni. Dakika ya 70 na kitu, mchezaji akaingia na mpira kwenye kumi na nane. Sebule nzima ikaruka. Stendi ikatikisika. Maji yakashuka kwenye king'amuzi. Tukasikia "chwii", tukaona moshi mwembamba, na skrini ikawa nyeusi. Lile shuti lilikwenda wapi, sisi tulisikia kwa makelele ya nyumba ya jirani.

Usiku ule nilijikaza. Nikakaa mbele ya mama mkwe, nikameza mate mara tatu. "Mama, naomba radhi. Yale maua… si maua ya kweli. Ni ya plastiki."

Mama mkwe akanitazama kwa huruma, kisha uso ukamfunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi! Kumbe unajua?" akasema. "Mimi nimejua tangu usiku ule naingia. Nikasema maskini mkwe wangu ameuziwa plastiki Kariakoo, na hajajua. Nitamwambiaje? Nikaona bora niyamwagilie, nisimvunjie heshima."

Basi kumbe kila tone la maji lililoua king'amuzi changu lilikuwa tone la stahi. Ningekuwa na mkwe asiye na adabu, ningeangalia mpira mpaka dakika ya 90.

Baada ya hapo tukazungumza vizuri kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kwa nini mtu aweke ua lisilonukia. Kwao pwani, akasema, ua ni harufu kwanza, rangi ni nyongeza: asumini hutungwa ikavaliwa, kikuba hubanwa kwenye nywele au kwenye nguo, na bwana akirudi kutoka kazini anajua kuna sikukuu kabla hajafungua mlango. Nikamwambia mama, siku hizi maua yetu wenyewe yana safari nyingi. Mawaridi ya Naivasha na ya Arusha hupanda ndege kwenda Uholanzi, mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kwenda. Sisi tunayasindikiza uwanja wa ndege, halafu tunakwenda bandarini kupokea ya plastiki kutoka China.

"Na huyo anayeyatengeneza anapata nini?" akauliza.

Nikamsimulia nilichowahi kukisoma kuhusu Li Ka-shing wa Hong Kong, aliyefungua kiwanda cha plastiki mwaka 1950, akajikita kwenye maua ya bandia, na kutokea hapo akaingia kwenye majumba na bandari mpaka akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Asia. Mama mkwe akatafakari. "Yeye aliyeuza amepata bandari," akasema. "Wewe uliyenunua umepata msiba."

Yale maji ya wiki nzima yaliacha mabaki. Vumbi la Tabata halina mpinzani, na plastiki ina tabia ya kulivuta; ukiisugua kidogo inapata umeme na kila chembe inayopita inajibandika. Vumbi likichanganyika na maji ni tope. Mawaridi yangu mekundu yakawa ya kahawia, na yale yaliyokuwa karibu na dirisha yalikuwa yameanza kupauka upande mmoja kwa jua, kama kanga iliyoanikwa muda mrefu. Mama Watoto akaona kwenye simu (ile ile simu) kwamba dawa yake ni chumvi: unatia maua kwenye mfuko, unatia chumvi, unatikisa, uchafu wote unabaki kwenye chumvi.

Mfuko hatukuwa nao; tukatumia foronya. Chumvi ya mawe, kilo mbili. Mimi nikashika upande huu, yeye upande ule, tukatikisa kama wanaopepeta mchele wa shughuli. Na kweli, yalitoka yamependeza. Tukayarudisha mahali pake, tukakaa tukiyaangalia.

Walioandika ushauri ule wanakaa kwenye nchi kavu. Sisi tulikuwa mwezi wa Aprili, masika, Dar es Salaam, mji ambao chumvi kwenye kibakuli hugeuka uji kabla ya chakula cha mchana. Chumvi iliyobaki kwenye mikunjo ya majani ilifanya kazi yake ya asili. Ilivuta unyevu wa hewani. Siku ya pili maua yakaanza kutoa jasho. Siku ya tatu yakawa yanadondosha. Jirani aliyekuja kuazima blenda alisimama mbele ya kabati, akaliona tone linatoka kwenye waridi taratibu, linaanguka, jingine linafuata. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama tuna uhakika hakuna mtu aliyekufa ndani ya nyumba hii. Blenda hakuichukua.

Mama mkwe alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. "Sasa yamejifunza kujimwagilia yenyewe!"

Maji ya chumvi yakaingia kwenye vikonyo, na ndani ya vikonyo kuna waya, na waya ukaanza kushika kutu. Vitambaa vyeupe vya kudarizi vya Mama Watoto, alivyopewa siku ya harusi, vikapata alama za duara za rangi ya chai ya rangi. Kwa hilo sijasamehewa mpaka leo, na sijaomba.

Ikabidi tuyafue. Tukayaloweka kwenye beseni kwa sabuni ya unga, tukayasuuza mara mbili, tukayaanika kwenye kamba uani, kila shada limebanwa na vibanio vya nguo. Nikaingia ndani kuswali adhuhuri.

Nilisahau kunguru. Hawa kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka. Walipomaliza za Zanzibar walivuka wenyewe kuja bara, na tangu hapo hawajakosa kazi. Kunguru akijenga kiota hapendi vijiti tu. Akipata waya anaona amepata nondo. Na mimi nilikuwa nimemwanikia nondo zilizokwisha kulainishwa na kutu, tena zenye mapambo. Niliporudi uani niliwakuta kama kumi. Mmoja anang'oa, mwingine anabeba, wengine wanapiga kelele za kusimamia kazi. Nilirusha kandambili, nikakosa. Kandambili ikaanguka kwa jirani. Nao wakaruka, kila mmoja na waridi lake mdomoni, wamejipanga angani kama maharusi.

Walihamia kwenye mwarobaini wa mjumbe. Baada ya wiki moja mti ule, ambao watu huutumia kwa majani tu, ulikuwa umechanua mawaridi mekundu juu kabisa. Wapita njia walikuwa wanasimama. Mzee mmoja aliomba majani ya tawi lenye maua, akiamini hayo yatakuwa na nguvu zaidi. Mjumbe alinipigia simu jioni. Nikajitayarisha kulipa faini.

"Bwana," akasema, "hivi yale maua ulinunua meza gani? Mama watoto wangu anasema mti wetu umependeza."

Mama mkwe alirudi Tanga baada ya ule mwezi. Nilimsindikiza stendi, akaniachia mche wa asumini aliokuwa ameagiza kutoka nyumbani, umeota kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Akaniusia: maji kidogo jioni, usiupende kupita kiasi. Hadi leo uko hai, umekaa kando ya mlango. Kila nikiumwagilia naacha kabla sijaridhika.

Katika maua yote yale lililobaki ni moja: lile shada la mlangoni. Kunguru hawakulitaka, pengine nao waliogopa. Liko juu ya kabati la nguo, limefunikwa na gazeti. Kulitundika siwezi. Kulitupa naogopa, maana nililipia 15,000. Nikasema nimpe mtu bure, lakini hebu nawe jaribu kumgongea jirani yako mlango jioni, umwambie nimekuletea shada.

Kwa hiyo msomaji, ukienda Kariakoo kununua maua ya kupamba nyumba, nunua ya aina yoyote, ya poliesta au ya plastiki, ya meza hii au ya meza ile. Ila muuzaji akikupunguzia bei bila kumwomba, na akakupa kwa mikono miwili, mrudishie. Na mpigie mkeo simu hapo hapo, mbele ya watu, aongee kwa sauti.

Mimi daftari la mjumbe bado lina jina langu, na mbele yake imeandikwa: ameshachangiwa.